Vitafunwa vya protini bila oveni: vitonge vya karanga na tende, vipande vya oti, na dagaa wa kutafuna

Nyumba nyingi hazina oveni, na kwa kazi hii haihitajiki. Jiko moja la mkaa au la gesi, sufuria nzito, mwiko, sinia, na blenda au kinu vinatosha kukupa vitafunwa vya wiki nzima, vyenye protini kuliko keki au biskuti ya dukani. Nitaeleza vitatu: vitonge vya karanga, ufuta na tende, vipande vya oti na mbegu za maboga, na mchanganyiko wa chumvi wa dagaa na karanga kwa wale wasiopenda sukari.

Kabla ya kuwasha jiko, tuelewane jambo moja. Vitonge vingi vinavyosifiwa kuwa ni vya protini ni tende na asali zilizochanganywa na karanga kidogo. Gramu 100 za tende zina protini gramu 2 hivi tu, ilhali sukari yake inapita gramu 60. Uzito huohuo wa karanga una protini gramu 25 hivi. Korosho zina kama gramu 18, ufuta gramu 17, maziwa ya unga yenye mafuta gramu 26, na mbegu za maboga zilizomenywa hufika 30. Kwa hiyo karanga, mbegu na maziwa ndivyo viwe mwili wa kitafunwa. Tende na asali kazi yake ni kushikanisha. Ukigeuza vipimo hivyo, umetengeneza pipi.

Mtu mzima mwenye afya anahitaji protini takriban gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani mwenye kilo 60 anahitaji karibu gramu 50. Sehemu kubwa itoke kwenye maharage, samaki, mayai, maziwa na nyama ya mlo wako wa kawaida. Vitafunwa hivi ni vya ile saa kumi ya jioni, njaa inapouma na chai ikawa inadai andazi, au vya kutia kwenye mkoba wa mtoto wa shule na wa anayetoka mazoezini.

Kuchagua karanga

Hapa nitakaa kuliko kwingine kote, kwa sababu kuviringisha vitonge hata mtoto anaweza, lakini karanga mbaya haitengenezeki tena ikishaingia kwenye blenda.

Karanga zikichelewa kukauka baada ya kuvunwa, au zikihifadhiwa penye unyevu, huota kuvu, na kuvu hiyo hutoa sumukuvu. Sumu hii haionekani kwa macho, na moto wa kukaangia nyumbani hauimalizi. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ikaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mara zote mbili chanzo kilikuwa mahindi, lakini kuvu inayohusika hupenda karanga vilevile. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi hujiweka kwenye hatari ya saratani ya ini. Kinga uliyonayo jikoni ni macho yako na mikono yako.

Nunua karanga nzima ambazo umeziona, si unga wa karanga uliosagwa tayari kwenye mfuko. Aliyesaga anajua alichosaga, wewe hujui. Shika kiganja kizima na uzinuse: karanga nzuri zikiwa mbichi hazina harufu kali, ni ngumu, na zikitikiswa hulia kikavu. Harufu ya uvundo au ya vumbi la ghala ikikujia, mwachie muuzaji mzigo wake.

Nyumbani zimwage kwenye sinia au ungo penye mwanga wa mchana, si chini ya taa ya jikoni. Zisambaze ziwe safu moja. Toa zilizosinyaa, zilizopasuka au kutobolewa na wadudu, zilizoanza kuchipua, na zote zenye doa la kijani, la njano iliyokolea, la kijivu au jeusi. Chukua muda. Kilo moja si kazi ya dakika mbili, na ukiwa na watoto wakubwa kaeni pamoja mchambue. Ulizozitoa zitupe kabisa. Usiwape kuku wala ng’ombe, kwani sumu hiyo huwadhuru, na kwa ng’ombe hupita hadi kwenye maziwa. Baadaye, wakati wa kuonja, ukikuta karanga moja chungu, iteme.

Kukaanga

Tumia sufuria nzito au kikaango cha chuma, moto mdogo, bila mafuta. Sufuria nyembamba ya bati huunguza ganda kabla ndani haijaiva. Kama huna sufuria nzito, fanya kama wauzaji wanaokaanga kwenye mchanga wa moto, ila wewe tumia chumvi ya mawe: tandaza safu yake chini ya sufuria, ipashe moto, kisha mimina karanga na ukoroge. Chumvi husambaza joto sawasawa, na ukimaliza unaichekecha na kuiweka kwa siku nyingine.

Koroga bila kuacha kwa dakika 15 hadi 20. Mwanzoni hakuna kinachoonekana. Kisha utasikia mlio mdogo wa ganda likipasuka, halafu harufu inajaa nyumba. Hapo toa karanga moja, iache ipoe kidogo, isugue kwa vidole: ganda likitoka lenyewe na ndani ikawa na rangi ya chai ya maziwa, epua papo hapo. Usingoje iwe kahawia, kwa sababu karanga huendelea kuiva kwa joto lake hata baada ya kuepuliwa. Zimwage mara moja kwenye sinia pana. Zikipoa, zisugue kwa viganja, kisha zipepete kwenye ungo nje ya mlango maganda yaruke. Yakibaki machache si neno, huongeza uchungu kidogo tu.

Ufuta una namna yake. Ule wa kupimiwa sokoni mara nyingi una mchanga, na mchanga mmoja tu kwenye jino unaharibu kazi yote. Uweke kwenye bakuli la maji, ukoroge kwa mkono, kisha miminia ufuta na maji kwenye chujio polepole, mchanga ukibaki chini ya bakuli. Rudia hadi chini pawe safi. Uanike ukauke. Kisha ukaange kwa moto mdogo dakika tatu hadi tano. Ukianza kurukaruka ndani ya sufuria, umeiva; ukisubiri zaidi unakuwa mchungu. Uponde kidogo kwenye kinu, kwa sababu punje nzima hupita tumboni bila kusagika vizuri.

Vitonge vya karanga, ufuta na tende

Kwa vitonge 24 andaa karanga zilizokaangwa gramu 250 (kikombe kimoja na nusu, na ziada kidogo), ufuta uliokaangwa gramu 50 (vijiko 5 au 6 vya chakula), tende gramu 150 zilizotolewa kokwa (kama 20 za ukubwa wa kawaida), maziwa ya unga gramu 60 (nusu kikombe), chumvi kibano kimoja, na iliki punje tatu zilizotwangwa. Maziwa hayapo kwa utamu. Protini ya karanga na ya ufuta ina upungufu wa lisini, mojawapo ya vijenzi vya protini ambavyo mwili unavihitaji, na maziwa yana lisini ya kutosha, hivyo vinakamilishana.

1. Toa kokwa kwenye tende moja moja, ukiifungua kila moja kwa vidole na kutazama ndani kama kuna wadudu. Tende zilizoshindiliwa kwenye pakiti, zile zinazojaa sokoni karibu na Ramadhani, zina vipande vya kokwa na vikonyo vilivyojificha. Ukitumia tende laini kama Khalas ya Oman, huna haja ya kuziloweka. Zikiwa kavu, zimwagie maji ya moto dakika 10, kisha zikamue hasa. Maji yakibaki ndani, vitonge vitachacha mapema.

2. Weka pembeni karanga kama theluthi moja na uziponde ziwe chenga. Hizo ndizo zitakupa kitu cha kutafuna.

3. Saga theluthi mbili zilizobaki. Kwanza utapata unga. Endelea. Unga utaanza kushikana na kupanda kwenye kuta za blenda. Zima, kwangua kwa kijiko, endelea. Kisha utageuka donge, na baada ya donge mafuta yatajitokeza na mchanganyiko utalainika na kung’aa. Blenda za nyumbani hupata moto, kwa hiyo saga dakika moja, pumzisha dakika moja. Usiongeze mafuta ya kupikia, wala maji: subira ndiyo inayotoa mafuta. Anayetumia kinu atwange karanga zikiwa bado na joto, mafuta hutoka upesi zaidi.

4. Tia tende, usage hadi usione vipande vyake. Mchanganyiko utakuwa mzito, na kama blenda inalalamika, hamishia kwenye bakuli ukande kwa mkono.

5. Kwenye bakuli ongeza chenga za karanga, nusu ya ufuta, maziwa ya unga, iliki na chumvi. Kanda kama unavyokanda unga wa chapati, kwa nguvu, dakika mbili au tatu. Chukua kiasi kidogo ubonyeze kwenye kiganja. Kikishikana bila kupasuka, uko tayari. Kikimomonyoka, ongeza tende mbili au kijiko kimoja cha asali. Kikinata mikononi, ongeza maziwa ya unga kijiko kimoja kimoja.

6. Viringisha vitonge vya ukubwa wa ndimu ndogo, kisha vigaragaze kwenye ufuta uliobaki. Vipange kwenye sahani, viweke kwenye friji nusu saa vikaze. Asiye na friji aviache mahali penye ubaridi, vimefunikwa, kwa saa mbili.

Kila kitonge kitakuwa na protini karibu gramu 4 na kalori 100 hivi. Vitatu vinakaribia protini ya mayai mawili. Sukari ya tende katika kimoja ni kama kijiko kimoja cha chai. Lakini hizo kalori 100 zizingatie: ni chakula kizito kwa umbo dogo, kinamfaa anayefanya kazi ya nguvu na mtoto anayekua, na anayepunguza uzito aishie viwili.

Wapenda karanga na ufuta pasipo utamu wowote watazame kaskazini mwa Uganda, ambako Waacholi na Walango husaga viwili hivyo pamoja kuwa odii. Rojo hilo huliwa na mihogo au viazi vya kuchemsha, na nalipendekeza kwa moyo wote. Ukifika hatua ya tatu, tia ufuta wote na chumvi, acha tende, na odii iko tayari.

Vipande vya oti na mbegu za maboga

Hivi ni vya kukata kwa kisu na ni rahisi zaidi. Oti za bapa zimepitishwa kwenye mvuke kiwandani, ndiyo maana zinaliwa bila kupikwa. Unga wa ngano na wa mahindi ni mbichi, hivyo usiutie kwenye kitafunwa kisichopikwa hata ukiona umependekezwa mahali. Unga wa soya vilevile: soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, na joto ndilo linaloviondoa. Kama soya yako haikukaangwa au kuchemshwa kabla ya kusagwa, iache kwa ajili ya uji.

Pima oti gramu 200 (vikombe viwili na robo), siagi ya karanga gramu 200 (robo tatu ya kikombe), mbegu za maboga zilizomenywa gramu 80, maziwa ya unga gramu 50, na asali vijiko 6 vya chakula. Siagi ya karanga iwe ya kwako uliyoisaga kama nilivyoeleza, au ya duka yenye karanga na chumvi tu. Geuza chupa usome viambato. Asali ya Tabora ina ladha nzito inayobeba kitafunwa hiki vizuri.

Mbegu za maboga usizinunue kama una boga jikoni. Zioshe utelezi wote uishe, zianike siku mbili juani, zikaange zikipasuka, kisha uzimenye. Ni kazi ya kukaa na kuzungumza, na kiasi utakachopata ni kidogo, lakini ni mbegu ya bei nafuu yenye protini nyingi.

Kaanga oti kavu dakika tano hadi zinukie. Hatua hii si ya lazima ila inaondoa ile ladha ya karatasi. Pasha asali na siagi ya karanga kwa moto mdogo sana, ukikoroga, hadi vilainike na kuungana. Visichemke, asali iliyochemka hukakamaa kama kashata. Changanya na vitu vikavu ukiwa bado na joto. Tandika karatasi isiyonata au mfuko safi wa plastiki wa chakula kwenye bakuli bapa, mimina, kisha gandamiza. Gandamiza kwa sehemu ya chini ya glasi, ukiegemeza uzito wako, hadi pembeni. Vipande vingi vinavyomomonyoka havikukosa asali, vilikosa kugandamizwa. Acha kwenye friji saa mbili, kata vipande 16. Kimoja kitakuwa na protini gramu 6 au 7.

Dagaa wa kutafuna

Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa mkavu ni protini, na kwa kuwa huliwa na mifupa yake, unapata na kalsiamu. Tafuta dagaa wa Kigoma kama mfuko unaruhusu, kwa sababu ni safi na mwili wake ni laini. Dagaa wa Ziwa Victoria ni sawa pia, ila wengi huanikwa chini, kwa hiyo waoshe kwa uangalifu zaidi.

Chukua dagaa gramu 100. Ondoa vichwa na matumbo kama ni wakubwa, waoshe upesi kwa maji ya uvuguvugu mara mbili tatu, wachuje, waanike hadi wakauke kabisa. Weka kijiko kimoja cha mafuta kwenye kikaango, moto mdogo, ukaange dakika 10 hivi. Dakika ya saba kamulia nusu ndimu, nyunyiza pilipili ya unga na kitunguu saumu cha unga, uendelee kukoroga maji ya ndimu yakauke. Mvunje mmoja: akivunjika kwa mlio, epua. Akipinda, bado. Wakishapoa, wachanganye na karanga zilizokaangwa gramu 150 na mbegu za maboga gramu 50. Usichanganye wakiwa moto, mvuke hulainisha karanga. Onja kabla ya kutia chumvi, dagaa wengine wana chumvi yao.

Konzi moja ya mkono, kama gramu 30, ina protini karibu gramu 11, na sukari ni kidogo sana. Kati ya vyote vitatu, hiki ndicho ningempa mwenye kisukari.

Kuhifadhi, na nani asipewe

Vitonge na vipande vya oti hukaa wiki mbili kwenye friji, ndani ya chombo chenye kifuniko kinachobana. Kwenye friza hufika miezi miwili. Panga karatasi katikati ya safu visigandane. Nje ya friji, kwa joto la Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, usivipe zaidi ya siku tatu, na kama uliloweka tende, siku mbili. Mafuta ya karanga yakiharibika hutoa harufu ya rangi ya ukutani. Ukiipata, tupa. Mchanganyiko wa dagaa hukaa wiki moja kwenye chupa kavu, mradi kila anayechota atumie kijiko kikavu badala ya mkono.

Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata ya kulamba, kwa sababu huweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvishinda. Walio chini ya miaka mitano wasipewe karanga nzima wala chenga kubwa, huwapalia. Watengenezee vitonge vyao kwa kusaga karanga zote, na uvifanye bapa badala ya mviringo. Na kabla ya kumpa mtoto wa mtu mwingine, au kupeleka shuleni, muulize mzazi kuhusu mzio wa karanga, ufuta au maziwa. Midomo ikimvimba mtu, akatoka vipele au kupumua kwa shida baada ya kula, mpeleke hospitali mara moja bila kusubiri kuona kama itatulia.